Nyanya wa Video

Video ile niliiona nikiwa ofisini mjini Kisii, chai ya asubuhi bado moto mkononi. Ofisi ni neno kubwa. Ni chumba kimoja juu ya duka la mbegu, tunamoendeshea ukurasa wa Facebook wa habari za Kisii na Nyamira. Kwenye video, mwanamke mzee amesimama katikati ya michai alfajiri, amevaa shimizi tu, kikapu cha kuchumia majani kimening'inia mgongoni. Vijana wamemzunguka na simu zao. Mmoja anamwuliza, "Umetumwa na nani?" Naye anajibu kwa upole kwamba amekuja kuchuma chai yake.

Waliomrekodi walikuwa wameandika neno moja tu la Ekegusii: omorogi. Mchawi.

Mkubwa wangu alitaka tuisambaze na alama ya kuuliza. "Sisi hatusemi ni mchawi. Tunauliza tu," alisema. Nikamwambia huku kwetu anayeitwa mchawi huchomwa moto, na alama ya kuuliza haijawahi kuzima kiberiti. Tulitupiana maneno mpaka mwenye duka akagonga dari kwa mpini wa ufagio. Hasira zangu ziko karibu, sikatai. Zilishanifukuzisha kazi redioni. Siku hiyo zilinifaa. Hatukuisambaza. Lakini kurasa nyingine ziliisambaza, na kufikia adhuhuri nani hakuwa nayo?

Nilikwenda Nyamira kumtafuta. Kila niliyemwuliza alilijua boma, na hakuna aliyekubali kunifikisha mlangoni. Nyanya mwenyewe nilimkuta amekaa kizingitini akipepeta wimbi. Alinikaribisha kama mtu anayenijua, akaniuliza habari za mume wangu, ambaye sina. Mkaza mwanawe ndiye aliyenieleza. Kumbukumbu zilikuwa zinamtoka kidogo kidogo. Michai ile aliipanda kwa mikono yake akiwa ndiyo kwanza ameolewa, kisha mumewe akaliuza shamba. Hilo la kuuzwa amelisahau. Basi alfajiri huamka, hubeba kikapu, hurudi kwenye michai yake. Siku nyingine husahau na gauni.

Habari yote ilikuwa hiyo. Ilimhitaji mtu wa damu yake aiseme, maana ningeisema mimi wangedai nimehongwa. Nikamwendea mwanawe, mzee wa kanisa, aliyekuwa akifunga ng'ombe. Nilimwomba aseme maneno machache tu kwenye simu yangu: huyu ni mama yangu, anaugua ugonjwa wa kusahau.

"Madam, hiyo video mimi sijaona," alisema bila kunitazama.

"Umeiona, baba. Kila mtu ameiona."

"Sijaona. Na siwezi kuona."

Mimi ni Mgusii, sikuhitaji tafsiri. Kwetu kuna ensoni, ile haya kati ya mzazi na mtoto. Mwana haoni mwili wa mamaye wala hautaji. Hata kitanda chake hakikalii. Akisema yule wa kwenye video ni mamaye, amekiri mbele ya watu kwamba amemwona katika shimizi. Wakati huohuo majirani waliupima ukimya wake: kama si mchawi, mbona mwanawe hamtetei? Nilitaka kumshika mabega nimtikise. Nilimhurumia pia, kwa sababu machozi yalimlenga huku akifunga na kufungua fundo lilelile.

Lakini ensoni haimgusi mjukuu. Mjukuu na nyanya hutaniana watakavyo, na hakuna anayeshangaa. Binti wa yule mwana alikuwa akiuza ndizi Mosocho, mama wa watoto tayari, sauti yake unaisikia kabla hujafika sokoni.

"Mimi naongea," aliniambia. "Huyo ni mke mwenzangu, tunaitana hivyo. Nani atanifunga mdomo?"

Sikutaka video tena. Hata ukurasa wetu sikuutaka. Wanaobishana kwenye ukurasa hawashiki kiberiti, na wanaokishika hawana haja na ukurasa. Alirekodi sauti kwa Ekegusii, fupi kuliko tangazo la matanga, tukaituma kwenye makundi ya WhatsApp ya kijijini kwao: kwaya, wakulima wa kituo cha kununulia chai, kamati ya mazishi, akina mama wa kanisa. Alisema nyanya ni nani na michai ile ilikuwa ya nani. Kisha akawatania vijana kwamba kama kusahau nguo ni uchawi, waanze na baba zao wakitoka kwenye pombe. Watu walicheka. Nilijua imefika nilipotumiwa sauti ileile na watu wasiojua kwamba ilitoka kwangu. Kijiji kikapoa. Wenye shamba wakawa wanamwachia achume kidogo, halafu wanamshika mkono kumrudisha nyumbani. Nilifurahi, na nilijiona mjanja.

Mwanawe aliisikia sauti hiyo akiwa na wazee wenzake kanisani. Shimizi la mamaye limetajwa, tena na binti yake, tena watu wanacheka. Hakumgombeza mtu. Aliwaita ndugu zake, wakakubaliana mama akakae kwa dada yao aliyeolewa upande wa Ogembo mpaka maneno yaishe. Nilimsihi. Nilimwambia salama ya mama ni hapa anapojulikana. Akanijibu kwa adabu kwamba mambo ya nyumba ni ya wenye nyumba.

Ogembo nako kuna michai. Asubuhi moja nyanya aliamka akabeba kikapu.

Watu wa huko walikuwa wameiona video. Sauti ya mjukuu hawakuisikia, kwa sababu ilipita kule Nyamira, kwenye kwaya ya kwao, kituo cha kwao na mazishi ya kwao, kama nilivyopanga mwenyewe. Walimtambua kwa kile kikapu. Binti yake alipofika mbio, gauni mkononi, walikuwa wamekwisha kumpiga mawe.

Siku hizi mashirika huniita kufundisha watu namna ya kutumia mitandao. Nawaambia: sauti fupi, lugha ya nyumbani, mtu wa damu. Wanaandika. Nawachukia kidogo wanapoandika, na najua hawana kosa.

Tangazo la kifo tuliliweka kwenye ukurasa wetu. Mjukuu ndiye aliyechagua picha: nyanya katika gauni lake la Sabato, la buluu, limefungwa vifungo hadi shingoni. Nilikaa hapo nikifuta matusi. Mtu mmoja aliuliza tu, bila tusi, "Si huyu ni yule nyanya wa video?"

Nilikuwa natafuta la kumjibu, nikaona amekwisha kujibiwa. Jina lilikuwa la yule mwana, mzee wa kanisa.

"Huyu ni mama yangu," aliandika.