Mashairi Mawili ya Mji wa Mgodi

Bibi alitaka kurudi kwao Usevya, azeekee karibu na mashamba ya mpunga. Babu hakutaka hata kusikia. Mtu wa Mpanda hufia Mpanda, alisema, basi. Mwisho bibi akafunga mizigo aende peke yake. Mimi mjukuu wao nilikuwa upande wa bibi, sikatai.

Padri mmoja mgeni, mtu wa Amerika ya Kusini, alikuwa amenifundisha Kihispania, akaniachia mashairi mawili juu ya mji wa kwao, uliojengwa na wakoloni kwa ajili ya mgodi wa madini ya fedha. Nikayatia Kiswahili. Jumapili moja, bibi akipepeta mchele uani, nikamsomea babu.

La kwanza linausifu mji: kengele za kanisa, roshani zenye maua, taa kila kona. Babu akapiga paja.

"Huyo ndiye mtu! Mpanda ya mgodi ilikuwa hivyo hivyo, mke wangu. Taa, king'ora, treni!"

Mke wake ni mimi. Ndio utani wetu.

"Mke mwenzangu, usimvimbishe kichwa," bibi akasema. "Msomee na hilo lingine."

Hilo lingine ndilo nililolitegemea. Mji ni ule ule, lakini fedha imepanda meli, wachimbaji wamebaki chini, na mama mmoja bado anampakulia mwanawe chakula. Nilikaza sauti ili babu auchukie mji wake. Nilijiona mjanja kweli!

Babu akaniomba nirudie pale pa mama. Nikarudia.

"Baba yangu hawakumtoa," akasema. "Udongo ulishuka, wakaliziba shimo. Nilikuwa mtoto."

Tulijua tu kwamba alifia mgodini. Bibi akaacha kupepeta. Kila asubuhi babu huchota unga kidogo kwenye debe la bibi, akaelekea mgodi wa zamani, na kila asubuhi bibi humgombeza kwamba analisha ndege.

"Kumbe ule unga..." bibi akasema.

"Namsalimia nao. Nikihamia Usevya, nani atampelekea?"

Jamani, niliona aibu, na machozi yakanitoka. Bibi aliingia ndani, tukamsikia akifungua mizigo. Akatoka na lile debe, akaliweka miguuni pa babu.

"Kesho usichote kama mwizi," akasema. "Tunakwenda wote. Miaka yote hii, baba mkwe wangu sijamwamkia hata siku moja."