Nilivyomuudhi dada yangu wiki sita ili afaulu mtihani wa Kiingereza

Wakuu, salamu kwenu nyote, wa mlimani na wa tambarare.

Hiki kisa kilitokea kwetu Kibosho mwishoni mwa miaka ya tisini. Chumvi sijaongeza. Iliyomo niliikuta humo humo.

Mimi shule niliacha kidato cha pili. Hakuna aliyenifukuza. Nilitaka tu kujua kuna nini Holili, pale mpakani na Kenya, halafu nikataka kujua kuna nini ng'ambo ya Holili. Niliporudi, wenzangu walikuwa wanamaliza kidato cha nne. Nikaingia kwenye upagazi, kubeba mizigo ya watalii wanaopanda Kilimanjaro.

Huko ndiko nilikookota Kiingereza. Nilikuwa nawauliza wageni kila kitu, mpaka kiongozi wa msafara ananiambia nyamaza, mgeni anakosa pumzi. Baadaye sana nikagundua kwamba wengi wa walimu wangu walikuwa Wajerumani na Waitaliano.

Hayo tuyaache.

Dada yangu Filomena, mtoto wa mama mkubwa, alikuwa nesi kwenye zahanati ya parokia. Akapata nafasi ya kwenda kusoma Uingereza, kila kitu kimelipiwa. Sharti moja tu: afaulu mtihani wa kupima Kiingereza. Akikosa, nafasi anapewa mwingine.

Grammar alikuwa nayo, masista walimfundisha. Kuandika aliandika kama gazeti. Kwa listening tulikuwa na kaseti moja, na betri tulizianika juani kila asubuhi zipate nguvu. Ikifika jioni, Mwingereza wa kwenye kaseti anaanza kuvuta maneno kama ametoka kunywa mbege.

Tatizo lilikuwa speaking. Nikavaa koti nililoachiwa na mtalii, nikakaa kwenye kigoda nikijifanya mtahini, yeye anakata majani ya ng'ombe.

"Tell me about your work."

"It is good."

"What is difficult about it?"

"Nothing. We thank God."

Anaendelea kukata.

"Dada, juzi umezalisha kwa mwanga wa tochi, na dawa zimeisha tangu Pasaka. Hiyo ndiyo nothing?"

"Sasa hayo nimwambie mgeni? Ananijua? Atasema kwetu hakuna watu."

Wakuu mnaotoka kwetu mnaelewa. Ukiulizwa habari za nyumbani unasema nzuri, hata kama paa limeondoka na upepo. Shida za kihamba, za ndani ya migomba yenu, haziendi barabarani. Ni adabu nzuri sana, ila mtahini anatoa maksi kwa maneno.

Siku moja nikachoka. Nikamwambia kwa Kiingereza kwamba manesi wote ni wavivu, wanakunywa chai huku wagonjwa wako kwenye foleni.

Yeleuwi! Alitupa mundu chini. Dakika kumi za Kiingereza kitupu, hakuna hata pa kuweka nukta. Zamu, chanjo, daktari anayekuja mara moja kwa mwezi, barabara ya matope. Ng'ombe wakasubiri.

Nikajua dawa nimeipata. Wiki sita nilimuudhi kila jioni kwa makusudi. Nilikashifu sare yake, kwaya yake, hata ndizi alizopika, ambazo kwa kweli zilikuwa tamu. Mama mkubwa akaniuliza kama nina pepo.

"Hapana mama, ni masomo haya."

Alipokwenda Dar kufanya mtihani nilimpa wosia mmoja: mtahini akifungua mdomo tu, wewe kasirika.

Alirudi amenuna.

"Alikuwa bibi mzee, mvi tupu. Kanivutia kiti, kaniuliza kama nimechoka na safari. Nitamkasirikiaje mtu kama huyo? Nusura nimwamkie shikamoo."

"Ukasema nini?"

"Nikasema it is good."

"Halafu?"

"Akaona sina neno. Akaniuliza nani kanisaidia kujiandaa. Nikamwambia wewe."

"Na?"

"Basi nikaongea mpaka akanisimamisha."

Matokeo yakaja. Kafaulu, na speaking ndiko alikopata maksi nyingi kuliko kote. Nikaanza kuitwa profesa hadi vilabuni. Kichwa kikavimba. Nikamfuata dada jikoni, nikamuuliza alimwambia nini yule bibi kuhusu mimi. Nilikwenda kuchukua sifa zangu.

Hakuacha kumenya ndizi.

"Nilimwambia nina mdogo wangu mwenye akili kuliko mimi, na ameitupa njiani. Nilimwambia hayo matusi yako hayakuniudhi hata siku moja. Kilichoniudhi ni kwamba anayenifundisha hana hata cheti, na safari hii ilipaswa kuwa yake."

Nikauliza swali la kijinga: "Yote hayo kwa Kiingereza?"

"Kwa Kiingereza. Kwa Kiswahili ningelia."

Dada aliondoka, akasoma, yuko huko mpaka leo.

Msisubiri niseme nilirudi shule. Sikurudi. Wiki iliyofuata nilipanda mlima na mzigo wangu kichwani, na kwa mara ya kwanza sikumuuliza mgeni swali lolote.

Nilichojifunza: ukimfundisha mtu kuwaambia wageni ukweli, ujue na wewe umo.

Mliowahi kukaa mbele ya mtahini, mlibanwa na swali gani? Na mnaotaka kuniambia bado sijachelewa, andikeni, nawasoma. Ila msiandike kwa upole, kwetu upole hausaidii.