Nilivyomkanyagia Hadija Cherehani Kariakoo

Sababu ya safari hii ilianzia katika daftari langu mwenyewe. Kijiji chetu, wilayani Kisarawe, kilipohesabu watu wake ili kila mmoja apangiwe kazi, kalamu niliishika mimi, mwalimu wa kisomo cha watu wazima. Nilipofika kwa Hadija binti Salumu, ambaye miguu yake ilipooza tangu utotoni, nilimwandika katika safu ya wasiojiweza bila kusita. Naye ndiye aliyekuwa akishona sare za nusu ya watoto wa shule yetu, kwa cherehani ya mkono aliyoachiwa na marehemu mama yake. Nilipoliweka daftari mkekani, akalisoma. Kusoma nilikuwa nimemfundisha mimi.

"Chakula cha ghala la kijiji nitakipata, Mwalimu," alisema. "Kazi je?"

Miezi michache baadaye kijiji kikaanzisha karakana ya ushonaji. Wilaya ikatoa sharti: msimamizi awe na cheti cha ufundi kutoka Dar es Salaam, akikosekana mwenyeji mwenye cheti, ataletwa fundi wa mjini. Hadija akaomba kufanya mtihani, nami nikaomba kumsindikiza, maana safu ile ilikuwa ikinisuta.

Jumatatu alfajiri tuliondoka kwa lori la korosho. Barua ya mwaliko nilikwisha kuisoma mara tatu: mtahiniwa aje na mkasi na futi ya kupimia. Kwa kuwa cherehani yake ni nzito, na haikutajwa, niliamua ibaki nyumbani. Hadija aliniuliza mara mbili kama nina hakika. Mara zote mbili nilimjibu kama mtu aliyesoma.

Kariakoo tulifika kabla ya adhuhuri. Mjomba wake, Mzee Shomari, hushona barazani pa duka la jumla la mama mmoja wa Kilimanjaro, Mtaa wa Mkunguni. Hadija alishuka kwa magongo yake, akapenya katikati ya magunia ya maharage, akaamkia.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Cherehani yako iko wapi?"

"Mwalimu kasema zipo hukohuko kwenye mtihani."

Mzee Shomari alinigeukia mimi. "Zipo, ndiyo. Zote za miguu."

Gurudumu la cherehani ya miguu halina mpini. Ukilisukuma kwa kiganja, mkono mmoja tu ndio unaobaki kuongoza kitambaa, na kazi yenyewe ilikuwa shati lenye kola, kwa saa mbili. Mchana kutwa nilizunguka duka baada ya duka nikitafuta mpini wa kufunga. Kila duka lilinijibu kwamba bidhaa hiyo haijaingia nchini siku nyingi. Mtihani ulikuwa kesho yake asubuhi, na lori la kurudi kijijini lilikuwa la Jumatano.

Saa kumi jioni nilirudi mikono mitupu. Hadija alikuwa ameketi mbele ya cherehani ya mjomba wake, ametulia.

"Ninachokosa ni miguu ya saa mbili tu," alisema. "Mwalimu, vua viatu."

Mjomba hakufaa, kwa sababu watahini wote walimjua na wangesema kazi ni yake. Mimi nilifaa kwa sifa moja: sikujua kushona hata kifungo. Nikaketi kwenye kigoda ubavuni kwake, nikaunyosha mguu mmoja chini ya meza, nikakanyaga. Gurudumu likazunguka kinyumenyume, uzi ukakatika. Nikakanyaga tena, ukakatika tena.

Mama mwenye duka alitoka kuona. "Mwalimu, hiyo baiskeli ni ya kwenda Moshi? Mbona unarudi nyuma?"

"Mwache, mama, anajifunza," alisema Hadija, akatunga uzi upya kwa mara ya saba. "Gurudumu naanzisha mimi kwa mkono. Wewe lifuate, usilitangulie. Nikigonga meza kwa kidole, simama hapohapo."

Jua lilipokaribia kuzama nilishona, yaani alishona, mshono mmoja mrefu usiokatika.

Jumanne asubuhi, katika ukumbi wa mtihani karibu na Mnazi Mmoja, mtahini, mama wa makamo mwenye miwani, alisimama mbele ya kigoda changu.

"Na huyu nani?"

"Umeme," alijibu Hadija.

"Nini?"

"Ndugu mtahini, huko viwandani mashine zinazungushwa na umeme. Umeme nao mnaufanyia mtihani?"

Ukumbi mzima ulicheka. Mtahini hakucheka. Alinipa sindano, kifungo na kipande cha kitambaa, akaniamuru nishone. Alipoiona kazi yangu aliridhika kabisa kwamba sijui, akaturuhusu kuanza.

Hadija alikata, akaunga mabega, akatia mikono. Tulipofika kwenye ncha ya kola, mahali ambapo sindano sharti isimame ndani ya kitambaa ili kigeuzwe, jasho lilinitoka hadi kisigino. Kidole kiligonga. Nikasimama. Sindano ilikuwa chini, uzi mzima. Akageuza kitambaa, akaanzisha gurudumu, nami nikalifuata.

Shati lilikamilika kabla ya muda. Mtahini aliligeuza nje ndani, akauvuta kila mshono, akaipima kola ncha kwa ncha.

"Nani kakufundisha?"

"Mama yangu. Kwa cherehani ya mkono."

"Umefaulu, na vizuri sana." Ndipo alipotabasamu. "Na umeme wako haukukatika."

Barazani kwa Mzee Shomari vigelegele vya mama mwenye duka vilisikika hadi ng'ambo ya mtaa.

Jumatano tulirejea kwa lori lilelile. Tulipokuwa tukipita vilima vya Pugu, Hadija alikisoma cheti kwa sauti, kisha tena, kisha tena.

"Mara tatu, Mwalimu," alisema, "nisije nikaacha kitu."

Nyumbani, jambo la kwanza nililofanya lilikuwa kufungua daftari, kufuta jina lake katika safu ile na kuliandika miongoni mwa mafundi. Katika safari hii nilijifunza kuuliza, kabla sijamwandika mtu popote, anafanya kazi kwa chombo gani na nani amekiacha nyumbani.

Wiki iliyofuata bwana maendeleo wa wilaya alikuja kumthibitisha msimamizi wa karakana. Alimkuta Hadija kwenye cherehani ya mama yake, nami nimeketi kando, akamwuliza maswali ya fomu yake moja baada ya jingine.

"Umekwisha kumfundisha mtu kazi hii?"

"Mmoja."

"Amefikia wapi?"

Hadija aliitazama miguu yangu.

"Kukanyaga tu," alisema. "Lakini ana bidii."