Maji ya Juu ya Karai

Mama yetu, kule kijijini kwetu Didia, alipoyeyusha siagi kuwa samli aliifunika sufuria kwa sahani ya bati. Sisi watoto tuligombania kulamba matone yaliyojikusanya chini ya sahani, tukidhani ni samli. Yalikuwa maji matupu. Sahani yenyewe baadaye iliibiwa na jirani aliyekuja kuomba moto, lakini hayo tuyaache. Nilisoma madarasa mawili tu, ila hilo nililijua kwa ulimi: mvuke ukikuta ubaridi unarudi kuwa maji.

Basi miaka ile ya kupanga foleni ya sukari nikaenda machimboni, upande wa Geita, kwa mume wa dada yangu mdogo. Shemeji alikuwa mchomaji. Wachimbaji walimletea donge la dhahabu iliyoshikana na zebaki, naye akalitia kwenye chungu cha chuma, akaziba mfuniko kwa udongo, akawasha mkaa ili zebaki itoke na dhahabu ibaki. Kwenye mfuniko lilitoka bomba lililopinda, mdomo wake ukiinamia karai la maji. Kazi yangu ilikuwa kulowesha gunia lililozungushiwa bomba. Likikauka, zebaki inatoka moshi na kupotea. Likiwa limelowa, inapoa mle mle bombani, inatiririka, inadondoka karaini na kutulia chini. Ukiigusa inakukimbia. Siku ya kwanza niliiona nzuri.

Kisha nikamwona shemeji anachota maji ya juu ya karai, anampa dada apikie ugali. Kiangazi kile kisima kilikuwa mbali. Nikamuuliza. Akasema zebaki ni nzito, inazama yote, maji ya juu ni safi kama ya mvua.

“Wewe Msukuma umekunywa maji ya lambo na mikojo ya ng'ombe maisha yako yote,” akaniambia. “Leo haya ndiyo yanakushinda?”

Kweli nimeyanywa. Lakini dada alikuwa na mimba ya miezi sita, fizi zimevimba, mate yanamchuruzika akiongea, mkono unatetemeka hata uzi hauingii kwenye sindano. Shemeji alisema ni mimba tu. Nami, bila haya, nilikaa wiki mbili nikila ugali ule, ulimi una ladha ya msumari, na gunia nikilowesha.

Asubuhi moja dada alipokuja na sufuria kuchota, nikalipiga karai teke.  Shemeji alipiga magoti akaanza kuifukuza zebaki vumbini kwa jani la mhindi.

Nikamwambia dada, “Funga nguo zako, twende kwa mama.”

“Nenda wewe, kaka,” akasema, akijifuta mate kwa kanga. “Mimi nimeolewa hapa.”

Akainama na tumbo lake kando ya mumewe, akaanza kuziokota zile chembe kwa vidole vinavyotetemeka, nyingine zikimponyoka, na zile alizozipata akizitia kwenye sufuria ya ugali.

Nilichukua shuka langu nikashika njia ya Kahama kwenda kwa mama. Sikurudi tena.