Marehemu wa Bendi Yetu

Bendi yetu ilipenda historia kuliko muziki. Ilikuwa bendi ya jazz, jazz ya kwetu: magitaa matatu, saksafoni moja na sebene ya kuwatoa watu jasho. Ilizaliwa Lubumbashi, ikapitia Dar es Salaam, ambako ilinichukua mimi na gitaa langu la rithimu, ikaishia Durban kupiga kwenye harusi za Wakongo wa Albert Park. Kila harusi, kabla ya wimbo wa kwanza, kiongozi wetu alishika kipaza sauti akasimulia ilikotoka. Wali ulipoa. Bibi harusi alivua viatu chini ya meza. Na kwa kila simulizi lake bendi ilizidi kuzeeka: nilijiunga ikiwa rika langu, misimu michache baadaye ilikuwa imenizidi kwa mbali.

Historia hiyo ilikuwa na kanuni moja. Aliyeondoka kwenye bendi aliondoka na kwenye historia, na nyimbo alizotunga zikawa za kiongozi. Njia ya kurudi ilikuwa moja tu, kufa. Marehemu haanzishi bendi pinzani, kwa hiyo kiongozi aliwapenda marehemu kwa moyo wote.

Mwimbaji aliyeianzisha bendi pamoja naye alikuwa hai, na hilo ndilo lilikuwa kosa lake. Kiongozi alipotuletea majaketi ya manjano, mzee yule alisema yeye si boya la bandarini. Wakatukanana, akaondoka, akafutwa siku hiyo hiyo. Tangu hapo alilinda magari nje ya duka la fanicha. Nilipopita kumsalimia, hakuwa na habari na afya yangu.

"Jumamosi alinitaja?"

"Bado, Papa."

"Eish. Hata kusema tu tulikuwa wawili?"

"Hata hilo."

Aligeuka kuelekeza gari lililokuwa likirudi nyuma. Yeye ndiye aliyenifundisha kumsubiri mwimbaji avute pumzi, na swali lake liliniuma kila mara.

Mwaka wa Kombe la Dunia alilazwa hospitali, mapafu yalimsumbua. Jumamosi moja asubuhi mpiga besi wetu alikwenda kumwona, akakuta kitanda kimetandikwa upya, hakuna mtu. Mwingine angemuuliza nesi. Mpiga besi alirudi Albert Park mbio kutafuta viti vya matanga.

Mchana huo tulikuwa na harusi katika ukumbi wa kanisa, Umbilo. Kiongozi alivua miwani.

"Tulikuwa wawili," alisema. "Mimi na yeye na gitaa moja. Sauti ilikuwa ya kwake. Nyimbo zote munacheza hapa, ni yeye alitunga."

Alilia machozi ya kweli. Nami nililia, nikiinamia nyuzi. Nilipoinua kichwa nikamwona mzee kwenye mlango wa jikoni, nyuma ya akina mama wenye trei za soda, mfuko wa dawa mkononi. Hospitali ilikuwa imemruhusu asubuhi ile, akapitia kutusikiliza. Aliweka kidole mdomoni.

Nikaliacha gitaa, nikamfuata nje.

"Papa, ingia wakuone! Wanakulilia!"

"Wacha, petit. Akiniona mzima atanitoa tena." Macho yalikuwa yamemlowa, na alikuwa anacheka. "Umesikia? Amesema tulikuwa wawili."

Siku ile ile alipanda taxi kwenda kwa binti yake Pinetown, ambako bendi yetu haijawahi kualikwa.

Nilingoja uongo ule ufumuke. Haikuchukua muda: hospitali iliwaambia watu wa matanga kwamba haina maiti ya mtu huyo. Kiongozi akaniita pembeni siku chache kabla ya harusi iliyofuata, nayo ilikuwa Umbilo. Nilidhani ataona aibu.

"Yule mzee ni mzima," alisema. "Unajua?"

"Najua."

"Lakini uliona watu walivyolia? Hata wale wa Tanzania. Hatujawahi kuanza harusi vizuri vile." Akafikiri kidogo. "Yeye anasemaje?"

Nilimchukia sana dakika ile. Nikamjibu ukweli, kwamba mzee ameridhika.

"Sharp," akasema. "Basi umwambie, Jumamosi asipite Umbilo."