Verna Bushie na Ziwa Linalochelewa Kuganda

Saa mbili asubuhi, jua halijachomoza, na Verna Bushie anatembea juu ya barafu ya Ziwa Winnipeg, nchini Kanada, akiigonga kwa mtaimbo. Anagonga, anasikiliza, anapiga hatua moja. Anagonga tena. Hatua ishirini nyuma yake, mdogo wake Garnet anavuta sleji, kigari kisicho na magurudumu, iliyobeba kamba, masanduku matupu na chupa ya chai.

"Dada, ukibisha hodi hivyo, mwenye nyumba atatoka," Garnet anamtania.

"Mwenye nyumba unamjua wewe," Verna anajibu bila kugeuka. "Mlishaonana."

Garnet anacheka, ila hasogei karibu. Barafu haipendi watu wawili wakikaa pamoja.

Ni tarehe kumi na nne Desemba. Wavu wa kwanza wa msimu waliutega juzi, na leo wanakwenda kuutazama. Verna, mwenye umri wa miaka 55, alianza kazi hii na marehemu baba yao akiwa na miaka 17. Enzi hizo, anasema, katikati ya Novemba walikuwa wameshahamia ziwani na mizigo yao yote. Sasa kijiji kizima cha Wiigwaas kinakaa madirishani kikiyatazama maji yanavyokataa kulala.

Anatoboa tundu na kupima. Inchi sita. "Kwa miguu, sawa," anasema. "Pikipiki ya theluji ibaki nyumbani."

Anayemtafuta ni ogaa, samaki ambaye macho yake huwaka kama ya paka akimulikwa. Kumjua ogaa ni kujua majira. Barafu ikivunjika tu, hukimbilia mitoni kutaga mayai, na hapo Verna hagusi wavu. Mwanzo wa kiangazi huzurura kandokando. Jua likikolea hushuka kwenye kina kirefu, na ukichelewa kuutoa wavu saa chache tu, nyama yake imelegea na nyuzi zimejaa ukoga wa kijani. Majani yanapopukutika hurudi karibu na ufuko akiwa na njaa ya kujinenepesha. Kisha huja baridi, msimu ambao Verna anausubiri kuliko mingine yote.

"Samaki wa chini ya barafu ana nyama ngumu, tamu," anasema. "Na huku juu hakuna wimbi la kukutapisha. Kuna wewe na kazi yako."

Msimu huo ndio uliokuwa ukimpa karibu nusu ya mapato ya mwaka. Siku hizi hupata theluthi, mwaka ukiwa mzuri. Lakini Verna akiulizwa baridi fupi imemgharimu nini, haanzi na fedha. Anaanza na Machi ya mwaka juzi.

Walikuwa na nyavu sita chini ya barafu pale joto lilipoingia wiki tatu kabla ya wakati wake. Mvua ikanyesha juu ya theluji siku mbili mfululizo. Verna akasema nyavu ziachwe. Garnet akambishia kwamba hawana uwezo wa kupoteza nyavu sita, na walivyozidi kuvutana akamwambia neno ambalo Verna hakulitarajia: kwamba baba yao angemwonea aibu kwa woga wake. Akawasha pikipiki, akaondoka.

Verna alibaki ufukoni, amefura kwa hasira, akimfuatilia kwa macho. Halafu mlio wa pikipiki ukakatika.

Alishusha ngazi iliyokuwa imeegemezwa kwenye kibanda cha ufukoni, akaiburuta mpaka barafu ilipoanza kulia chini yake, kisha akalala kifudifudi na kutambaa, akiisukuma mbele. Alimkuta Garnet majini hadi kwapani, viwiko vimeshikilia ukingo uliokuwa ukimomonyoka.

"Akaniambia, 'Dada, rudi,'" Verna anasimulia. "Nikamwambia, 'Nyamaza, shika ngazi.'"

Alimvuta kidogo kidogo mpaka akatoka. Pikipiki ingali chini huko.

Garnet alipona baada ya siku chache. Kilichomnyima Verna usingizi ni zile nyavu. Hazikuwa na mtu, lakini ziliendelea kuvua. "Samaki walikuwa wanaingia, wanakufa, na hakuna wa kuwala. Baba hakutufundisha hivyo."

Ziwa lilipofunguka Mei, aliazima mashua na kwenda kuzitafuta kwa kulabu. Garnet alikuja bila kuitwa, akashika usukani. Walizunguka siku kumi na moja wakipata wavu mmoja mmoja, ukiwa umejaa mizoga iliyovunda, na kila kitu walikipeleka nchi kavu, wakakifukia. Zilipatikana nyavu nne. Mbili hazikuonekana tena.

Siku hizo zote Garnet alizungumza ya mashua tu. Siku ya mwisho, wakiwa wamezima injini, ndipo akasema: "Baba asingekuonea aibu wewe."

Verna alimmiminia chai.

Leo wanauvuta wavu kwa mikono mitupu, kwa kuwa glavu hunasa kwenye nyuzi. Ogaa wanatoka mmoja mmoja, wa rangi ya dhahabu iliyofifia, na kabla chai haijapoa wameshaganda, wagumu kama kuni. Ni arobaini na mmoja. Wadogo wawili, wangali hai, Verna anawarudisha majini kupitia tundu lile lile.

Baada ya Mwaka Mpya atakwenda kwenye mkutano wa wavuvi kuomba sehemu ya samaki anaoruhusiwa kuvua wakati wa baridi ihamishiwe msimu wa majani kupukutika. Hajui atajibiwa nini. Msimu huu, anasema, atatoa nyavu zote ifikapo mwisho wa Februari, hata barafu iwe nene kama ukuta. Akikubaliwa ombi lake, atanunua mashua yake mwenyewe, aache kuazima.

"Nitaiendesha mimi," Garnet anasema, akifunga masanduku.

"Utaendesha," Verna anamwambia. "Pa kwenda nitasema mimi."

Garnet anaitika kwa kichwa, anaivuta sleji, na safari hii anamwacha dada yake atangulie bila utani.