Kitoroli Kilichopata Tuzo Kikafungiwa Ukumbini

Saa mbili kasoro robo asubuhi. Kengele ya kwanza haijalia, na karakana ya chuo tayari inanuka chuma kilichochomwa. Mwanamume wa miaka hamsini na minne amepiga goti sakafuni, miwani ya kuchomelea kaipandisha kwenye paji la uso, anapima bomba kwa utepe. Anapima. Anapima tena. Anasonya.

"Limezidi nusu," anasema, na kulirudisha kwenye msumeno.

Ndiyo maana wanafunzi wanamwita Mzee Nusu. Kwa miaka kumi na sita aliyofanya kazi hapa, hajaruhusu kitu kitoke mikononi mwake kikiwa kimezidi au kimepungua nusu sentimita. Kazi yake ni kukata, kuchomelea na kuunganisha vitu ambavyo wanafunzi wamevichora. Wao wana wazo, yeye ana mikono. Cheti huandikwa majina ya wenye wazo.

Bomba analokata leo si la wanafunzi. Ni chuma chakavu alichonunua mwenyewe, na kimemla robo ya mshahara wa mwezi. Ana ruhusa ya kutumia mashine mpaka kengele ilie, basi. Anatengeneza kitoroli cha kuwateremsha wajawazito na wagonjwa kutoka mtaa anaoishi, juu mlimani, ambako gari halifiki. Binti yake mkubwa ana mimba ya miezi saba. Kitoroli kiwe tayari kabla ya siku yake, iwe isiwe.

Na hapa ndipo mtu unapotaka kujipiga kichwa ukutani, kwa sababu kitoroli cha namna hiyo kipo tayari. Alikitengeneza Mzee Nusu huyu huyu, mwaka juzi. Kiko hatua mia moja kutoka hapo alipopiga goti, ndani ya ukumbi wa maonyesho wa chuo, nyuma ya mlango wa kioo.

Chuoni kuna somo linaloitwa Fikra za Ubunifu. Wanafunzi hugawanywa makundi ya watu watano watano, huyu wa uhandisi, yule wa uuguzi, mwingine wa biashara, na kila kundi hupewa tatizo la jamii. Si matatizo ya kitoto. Ni yale yaliyowashinda wakubwa: maji taka, watoto kuacha shule, wagonjwa kufia njiani. Hatua za kufuata ni tano, zimeandikwa ukutani kwa herufi kubwa. Sikiliza. Fafanua tatizo. Buni majibu. Tengeneza mfano. Jaribu.

Mwaka juzi kundi moja likapewa usafiri wa wajawazito wa mtaa wa mlimani. Kiongozi wao alikuwa binti wa uuguzi, mwembamba, mwenye adabu na sauti ya kuamrisha. Siku walipokuja karakana kujitambulisha, Mzee Nusu akaona awarahisishie.

"Niliwaambia, wanangu, mimi nakaa kule kule. Ngazi ni mia mbili na kumi na mbili, magoti yangu yanazijua moja moja. Tunachotaka ni kitanda chembamba, magurudumu mawili makubwa, breki za mkono. Nawatengenezea wiki mbili, kazi imekwisha."

Wakacheka, kwa heshima lakini. "Mzee wetu, bado hatujafika hatua ya majibu," yule binti akamjibu. "Sasa hivi tunasikiliza."

"Basi nisikilizeni!"

"Hapana, wewe ni fundi wetu. Tunawasikiliza walengwa."

Anapolisimulia hili anacheka mpaka anakohoa, kisha kicheko kinakatika ghafla. Hana kinyongo na wale vijana, anasema. Walipanda mlima kwa jua kali, wakaketi kwenye vizingiti vya watu na madaftari yao, wakauliza maswali mazuri. Waliyosikia wakayaandika kwenye vikaratasi vya rangi na kuvibandika ukutani, vya njano kwa hisia, vya kijani kwa mawazo, vya waridi kwa vikwazo. Mfagiaji wa jengo aliyevibandua mwishoni mwa muhula alivihesabu kwa kuchoshwa na kazi tu: mia tatu na arobaini.

Wiki ya tisa wakaja na mchoro. Kitanda chembamba, magurudumu mawili makubwa, breki za mkono.

"Niliukunja ule mchoro, nikaukunjua tena. Nikasema labda nimelala."

Lakini mchoro ulikuwa na kosa, na ni kosa ambalo watu waliosikiliza kwa wiki tisa hawakupaswa kulifanya. Walipima upana wa njia wakasahau kona. Katikati ya zile ngazi kuna tanki la maji, na hapo njia inakata ghafla kama kiwiko. Kitoroli chenye urefu wa mita mbili na sentimita kumi hakipiti. Na walikuwa wamekijaribu wapi? Walitengeneza kielelezo cha mbao, wakakiendesha kwenye korido ya chuo iliyopakwa nta, mwenzao kalala juu yake na mto umefungwa tumboni. Kilipita vizuri sana. Wakapigiana makofi.

Mzee Nusu hakubisha. Alichukua utepe, akamwambia yule binti, "Mwanangu, Jumamosi twende wote." Wakapanda. Kwenye kona ya tanki wakapima, wakafuta jasho, wakapima tena. Binti akakaa chini kwenye ngazi akashika tama.

"Akaniambia, 'Baba, tungekusikiliza tangu siku ya kwanza.' Yule mtoto ni muungwana. Kwa hilo tu, sitamsema vibaya mpaka nakufa."

Kitoroli kikatengenezwa upya kwa urefu wa mita moja na sentimita sabini na nusu, chenye sehemu ya miguu inayokunjwa. Siku ya kukijaribu mlimani, mtaa mzima ulitoka. Bibi mmoja mwenye miguu iliyovimba, ambaye hakuwa ameshuka mlima kwa mwaka na zaidi, alilazwa, akafungwa mikanda, vijana wawili wakashika breki. Dakika kumi na moja bibi yuko barabarani, akaanza kumtania dereva wa gari la wagonjwa amwoe. Wanawake walipiga vigelegele. Wanafunzi walilia. Picha zikapigwa, nyingi tu.

Kisha kitoroli kikapakiwa kwenye gari la chuo.

"Kinabaki?" mke wa Mzee Nusu aliuliza, akidhani anauliza kitu cha kujulikana.

"Mama, hiki ni mfano tu," mmoja wa wanafunzi akamjibu. "Kinaenda kusahihishwa."

Kikasahihishwa. Kikapata alama za juu kuliko vyote, kikapata tuzo, kikawekwa ukumbini kwenye jukwaa lenye zulia jekundu. Wanafunzi wakahitimu wakatawanyika, kila mmoja na ajira yake. Mzee Nusu alipouliza nani mwenye idhini ya kukitoa, akapigwa danadana wiki nzima. Idara ilisema wazo ni la kundi. Kundi, kwa simu, likasema vifaa ni vya chuo. Chuo kikasema ni sehemu ya maonyesho, na maonyesho hayana mwisho. Akaandika barua. Barua haijajibiwa hadi leo.

Wiki sita baada ya ile tuzo, Jumapili, saa tisa alasiri, binti yake huyo huyo mkubwa alishikwa na uchungu. Ilikuwa mimba ya kwanza, na ilikuja mapema, mtoto katanguliza miguu. Mkunga wa mtaani akaona hali si yake, akasema hospitali, sasa hivi.

Vijana wanne walimweka binti kwenye kiti cha plastiki wakaanza kushuka. Mzee Nusu hakushuka nao. Alitangulia mbio kwenda chuoni, akili yake yote ikiwa kwenye kitu kimoja. Funguo za karakana anazo kiunoni. Za ukumbi hana, na aliyekuwa nazo alikuwa harusini, simu imezimwa.

"Mlinzi ni rafiki yangu, tunakunywa chai pamoja. Alinishika mkono akaniambia, 'Kaka, nikivunja huu mlango, kesho mimi ndiye nisiye na kazi, na wewe pamoja na mimi.' Nikasimama pale. Nakiona. Nawezaje kukuelezea? Nakiona, niliyekichomelea ni mimi, mikanda niliyoifunga mwenyewe ile pale, na kati yetu kuna kioo unene wa kidole."

Alisimama dakika ngapi, hakumbuki. Kisha akarudi mbio mikono mitupu.

Kule mlimani, kwenye kona ya tanki, mguu wa kiti ulikuwa umekatika. Binti aliangukia ubavu. Walimbeba mikononi ngazi zilizobaki, wakipokezana, na safari ya dakika kumi na moja ikachukua karibu saa nzima. Daktari alimwokoa mama. Mtoto, wa kiume, alizaliwa ameshakufa.

Mzee Nusu anaeleza haya bila kuinua macho kutoka kwenye bomba. Halafu anaweka msumeno chini.

"Watu wananiambia mapenzi ya Mungu. Sawa. Lakini mkononi nilikuwa na kufuli la baiskeli ya mlinzi, zito. Pigo moja tu kioo kinashuka. Sikupiga. Niliogopa kazi. Mjukuu wangu nilimbadilisha na kazi, na kazi yenyewe ndiyo hii unayoiona." Anafuta pua kwa kiganja cha glavu. "Chuo nakichukia, ndiyo. Lakini nikinyoa ndevu asubuhi namwona mtu ninayemchukia zaidi."

Mhadhiri wa somo hilo ni mama mpole wa makamo, ofisi yake imejaa mabango ya makundi yaliyopita. Anasema alilia aliposikia habari ya yule mtoto, na hakuna sababu ya kutomwamini. Ila ana hoja.

"Somo linamfundisha mwanafunzi kufikiri. Hatugawi vifaa vya hospitali," anasema. "Tukikitoa, breki ikafeli, mgonjwa akaanguka, nani atajibu? Kitoroli kile hakijakaguliwa na mamlaka yoyote."

Na kiti cha plastiki kilikaguliwa na nani? Mhadhiri ananyoosha bango moja lililopinda ukutani. Anasema amependekeza hatua ya sita iwekwe kwenye somo, ya kukabidhi. Pendekezo liko kwenye kamati. Liko huko kwa mwaka wa pili sasa.

Huku kamati ikitafakari, muhula mpya umeanza. Makundi mapya yamegawiwa matatizo, na kwa kuwa la usafiri wa mlimani limeandikwa kwenye orodha kuwa halijatatuliwa, limetolewa tena. Taratibu zinakataza kundi kuanzia pale wenzao walipoishia. Lazima waanze hatua ya kwanza.

Safari hii, Mzee Nusu amekuwa mlengwa.

Walikuja karakana Jumatatu iliyopita, watano, wasafi, kalamu mpya. Wakamketisha kwenye benchi lake mwenyewe. Kijana aliyekuwa na daftari akauliza kwa upole, kama walivyofundishwa: "Mzee, siku ile, ulijisikiaje?"

"Andika, alijisikia vibaya," akamjibu. "Hiyo inakwenda kwenye karatasi ya rangi gani, ya njano?"

Kijana alifunga daftari. Mzee Nusu anasema alimwonea huruma baadaye, maana yule naye ni mtoto wa watu, ametumwa tu.

Nyumbani, binti yake anakunja nguo za mtoto zilizobaki kutoka ile mara ya kwanza. Hazijavaliwa. Ni mcheshi kwa asili, amerithi kwa mama yake, lakini ukimtajia kitoroli cha chuoni uso unafungika.

"Nilikipigia makofi mimi, tena nikiwa na tumbo hili hivi," anasema. "Nilidhani ni chetu." Halafu anamgeukia baba yake. "Na wewe, hicho chako kikichelewa, najifungulia hapa hapa kwenye ngazi, nikuite mkunga."

"Hakichelewi," baba anajibu.

"Breki?"

"Za pikipiki. Nimezijaribu na mifuko miwili ya saruji."

"Mifuko ya saruji hailii, baba."

Basi Jumamosi iliyopita alilala juu yake yeye mwenyewe. Mkewe alifunga mikanda. Vijana wale wale waliobeba kile kiti walishika breki. Kilipita kona ya tanki bila kugusa ukuta. Alipofika barabarani hakuinuka haraka, alibaki ameyatazama mawingu, machozi yanaingia masikioni, na hakuna aliyemharakisha.

Kilichobaki ni hili bomba la kishikio, kupaka rangi na kukaza viungo. Kitakaa juu, kwenye kichwa cha ngazi, chini ya kipande cha bati, bila kufuli. Yeyote mwenye mgonjwa anachukua, hamwombi mtu. Anatumaini kitachubuka, kitapinda, kitamsumbua kwa matengenezo kila mwezi mpaka azeeke.

Kengele inalia. Anakusanya vipande vyake vya chuma pembeni, na mlangoni lile kundi jipya linasimama, yule kijana wa daftari akiwa mbele. Wamesikia habari ya Jumamosi. Wanaomba kitu kimoja tu: awaazime hicho kitoroli kwa siku mbili wakipige picha hapa chuoni, kiwasaidie kwenye hatua ya nne. Watakirudisha, wanaapa.

Mzee Nusu anavua miwani, anaifuta kwa pindo la shati, anawatazama mmoja mmoja. Hana hasira. Anaongea taratibu, kama mtu anayesoma vipimo.

"Njooni mlimani mkipige picha mnavyotaka. Lakini kitoroli changu hakishuki zile ngazi bila mtu juu yake."